Boda ni Harusi: Sauti za Kihispania kwa Sikio la Mukuju

Kwa Kihispania, boda ni harusi. Neno lililozaliwa Busia, enzi za waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya forodha ya Uganda na ya Kenya huku wakiita abiria, likifika Valencia linageuka shela, keki na wakwe. Mtu wa Mukuju, wilayani Tororo nchini Uganda, akisimulia mezani kwamba kwao hupanda boda mbili kila siku, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kwamba siku ya soko hupakia na mbuzi, wenyeji huweka uma chini wasikilize vizuri.

Na Wahispania wenyewe wakilitamka, si boda ya Busia hata kidogo. Herufi b mwanzoni mwa usemi hufunga midomo kama kawaida, lakini d iliyobanwa na irabu pande zote mbili hulegea, ulimi ukapapasa meno bila kuziba pumzi: husikika karibu na dh ya dhahabu. Ikitanguliwa na kitambulishi la, hata b nayo hulegea, midomo ikakaribiana bila kugusana. La boda nzima basi hupita bila kipasuo hata kimoja, kama inasemwa na mtu mwenye uji wa moto mdomoni. Kadhalika g: katika lago, yaani ziwa, ni karibu na gh ya ghali.

Jambo hili ndilo kitovu cha fonolojia ya lugha yoyote, na watu wa mpakani hawahitaji kwenda mbali kulielewa. Katika Kiganda r hutokea baada ya e na i, na kwingineko ni l; Mganda hazioni kuwa sauti mbili, ndiyo maana akiingia kwenye Kiswahili hupika mchele na mchere kwa sufuria moja. Sauti moja akilini yenye sura mbili mdomoni huitwa fonimu, na sura zake ni alofoni. B ngumu na b laini ni mavazi mawili ya fonimu moja, na Mhispania ukimwambia hutamka b mbili atakataa kata kata, huku akizitamka.

Hapo ndipo v inapopotea. Imo katika maandishi, haimo mdomoni: vaca, yaani ng'ombe, huanza na b ileile ya boda, na Valencia kwa wenyeji huanza na B. Mhispania akisoma vitenge atasema bitenge, atachukuliwa kuwa mtu wa upande wa Mbale. Z ya Kiswahili pia haipo kama fonimu, wala sh. Shilingi kinywani mwake huwa chilingi.

Hesabu yenyewe si kubwa. Kihispania cha kaskazini mwa Hispania, kile ambacho Tomás Navarro Tomás alikieleza katika mwongozo wake wa matamshi wa mwaka 1918, kina fonimu 24, yaani konsonanti 19 na irabu 5. Sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini hutumia konsonanti 17 tu, na maisha yanaendelea.

Irabu ndizo zawadi. Ni a, e, i, o, u, zilezile za darasa la kwanza, hazirefuki ovyo wala hazigeuki njiani kama za Mwingereza, ambaye hata hapana yake huanzia kwenye o ikaishia kwenye u. Mswahili huzipata siku ya kwanza bila jasho. Mwiteso, aliyekuja na irabu tisa za lugha ya mama, anatua mizigo minne uwanjani na kutembea mikono mitupu. Angalizo ni moja tu: i na u zikikutana na irabu nyingine hukimbilia kuungana katika silabi moja. Busia, ambayo kwa wenyewe ni silabi tatu na mkazo uko kwenye si, Mhispania akiiona kwenye karatasi huifanya mbili, BU-sya, na haponi mpaka i iwekewe alama: Busía. Tororo, kwa upande wake, husomwa sawasawa mara ya kwanza, kana kwamba mwamba wake ulichongwa Kastilia.

Mukuju haina bahati hiyo. Herufi j kwa Kihispania ni sauti ya kooni, kama kh ya kheri inavyotamkwa na mzee wa Lamu, na g ikifuatwa na e au i husomwa vivyo hivyo. Anayetoka Mukuju huitwa mtu wa Mukukhu. Jinja ni Khinkha. Tarehe 7 Oktoba 2020, katika jiji hilihili la Valencia, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, rekodi ya dunia, na kwa kanuni za tahajia ya wenyeji jina lililopaswa kushangiliwa ni Cheptekhei. Herufi h, ambayo ingefaa kwa kazi hiyo ya kooni, ikiwa peke yake haina kazi yoyote. Imeandikwa, imekaa, kimya. Hospital ni ospital, na hola, ile salamu ya kila saa, ni ola.

Wengi walioguswa na Uarabu wakisikia kh hiyo hudai papo hapo kwamba ni urithi wa Waarabu waliotawala sehemu za Hispania kuanzia mwaka 711 hadi 1492. Dai ni tamu, ila si kweli. Urithi upo kwenye maneno, na ni mwingi kiasi cha kumfanya Mswahili ajisikie yuko kwa ndugu. Sukari ni azúcar. Kadhi amepanda cheo akawa alcalde, meya wa mji. Diwani ameshuka hadi mpakani akawa aduana, yaani forodha, ambako watu wa Busia wangemtambua mara moja. Taarifa imekuwa tarifa, orodha ya bei, na hata imekuwa hasta, yenye maana ya mpaka. Lakini kh yenyewe ni ya baadaye. Hadi karne ya 16 Wahispania walikuwa na sh safi kabisa, wakiiandika kwa x. Kisha ikarudi nyuma mdomoni hatua kwa hatua mpaka ikafika kooni. Ushahidi ni jarabe, dawa ya maji yenye sukari, ambayo ni ndugu wa damu wa sharubati. Ushahidi mwingine ni ojalá, neno la kutamani jambo litokee, lililotoka katika usemi wa Kiarabu ulio jirani na inshallah. Kote palipokuwa na sh, leo pana kh.

Z na c ndizo zinazogawa dunia ya Kihispania katika kambi mbili. Kaskazini na katikati mwa Hispania, z popote ilipo, na c mbele ya e na i, ni th ya thelathini. Valencia ni Balenthia; Zanzibar, wanayoiandika Zanzíbar, ni Thanthíbar. Casa ni nyumba na caza ni uwindaji, na sikio halikosei. Katika sehemu za Andalusia, Visiwa vya Kanari na Amerika yote ya Kilatini zote mbili ni s, na ni muktadha tu unaoonyesha kama mtu anakwenda kwake au porini. Kuna hadithi kwamba th ilianza kwa mfalme mwenye kithembe ambaye watumishi wake waliona adabu kumwiga. Haina mashiko, kwa kuwa mwenye kithembe angeharibu na s ya casa, ambayo haikuguswa. Kwa watu wa bara jambo hili si geni. Mswahili wa Mvita anasema thelathini, na katika soko la Mukuju bei hiyohiyo hutajwa selasini, wala muuzaji na mnunuzi hawajawahi kugombana. Mtu wa Mukuju huzaliwa akiwa mtu wa Amerika ya Kilatini.

Kazi kubwa iko kwenye r. Zipo mbili, na safari hii si alofoni: ni fonimu mbili zinazogombania nafasi ileile katikati ya irabu. R moja ni ulimi kugonga ufizi mara moja na kuondoka, kama katika Tororo. Rr ni kimadende, ulimi unapepea mara mbili, tatu au zaidi kama pikipiki inayowashwa asubuhi ya baridi. Caro ni ghali, carro ni gari huko Amerika ya Kilatini. Pero ni lakini, perro ni mbwa. Mgeni anayejitahidi kuonyesha kwamba kimadende amekiweza hukipeleka hata kisikotakiwa, na mkahawani husikika akiagiza kahawa, mbwa bila sukari. Mhudumu huileta hivyo hivyo, mbwa hayumo. Mwanzoni mwa neno r moja tu hutosha kuleta kimadende chote, kama katika río, yaani mto, na vilevile baada ya n, l na s. Aliyelelewa katika lugha ambayo r na l ni kitu kimoja hana njia ya mkato hapa. Mwenye Ateso, ambamo r na l hutenganisha maana, walau hufika akiwa nusu safari.

D nayo ina faraja ya jirani. Mwanzoni mwa usemi ulimi wake haugongi ufizi bali mgongo wa meno ya juu, na Wajopadhola wana sauti hiyo katikati ya jina lao. Mwalimu akimaliza dakika kumi akieleza ulimi ukae wapi, Mjopadhola wa Budama Magharibi hushangaa kinachoelezwa ni nini.

Herufi ll zamani ilikuwa sauti ya pekee, l iliyotamkwa ulimi umebanwa kwenye kaakaa. Leo sehemu nyingi imemezwa na y: calle, yaani mtaa, ni kaye, na pollo, yaani kuku, ni poyo. Ila Buenos Aires na kandokando ya Mto wa Plata, ll na y zote mbili zimekuwa sh. Mtaa ni kashe, mimi ni sho, na kuku ni posho. Hili linastahili kuelezwa polepole. Mtu wa Mukuju akialikwa chakula na jirani Muajentina, akaambiwa kutakuwa na posho, ambayo kwao ni ugali, huacha kula mchana. Njiani anawaza maharage, pengine mboga za majani zenye karanga, na kama Mungu yuko karibu, kipande cha samaki. Kinachofunuliwa mezani ni kuku wa kuoka na viazi. Kuku ni mtamu, hakuna ubishi. Lakini mgeni hula huku jicho likirudi jikoni, akiamini hiyo ni mboga na posho yenyewe bado inasongwa, na saa nne usiku huaga akiwa ameshiba bila kula.

Ñ haimpi Mswahili shida ya mdomo, ni ny ya nyanya. Shida yake ni ya kidole. Waandishi wa zamani, kwa kubana ngozi ya kuandikia, walipopata n mbili waliweka moja juu ya nyingine, na hiyo ya juu ikanyooka polepole ikawa kiwimbi. Hivyo anno ya Kilatini ikawa año, mwaka. Asiyejua kiwimbi hicho kimejificha wapi kwenye simu huandika ano, ambayo ni njia ya haja kubwa. Zipo fomu ofisini, zimegongwa mhuri, ambazo Mganda mwenye heshima zake amejaza kwa wino wa bluu kwamba anazo thelathini na nne.

Mkazo ndipo Mswahili anapojiona mwerevu, kisha anateleza. Neno la Kihispania likiishia na irabu, n au s, mkazo huwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwa Waswahili. Likiishia na konsonanti nyingine, mkazo huenda mwisho, na ndiyo maana Madrid hupanda juu mwishoni, ambapo mtu wa Mukuju, asiyependa neno kuishia hewani, huongeza irabu mbili akasema Madiridi. Mhispania mwenyewe mara nyingi huitupa d hiyo. Kila neno linalovunja kanuni huwekewa alama, na alama si pambo: termino ni ninamaliza, terminó ni alimaliza, na término ni kikomo. Kiswahili kina maneno machache ya namna hiyo. Barabára hupitiwa na magari na barábara ni sawasawa, ila Kiswahili humwachia msomaji ajitafutie.

Mwanzoni mwa neno Kihispania hakikubali s kufuatwa na konsonanti, hivyo huiwekea e kama kigoda: escuela, estación, España. Hakikubali mb wala nd pia. Mbale huwa Embale, na mchezaji Mbappé, tangu ajiunge na Real Madrid mwaka 2024, hupewa irabu mbele ya jina bila kuiomba. Ndani ya sentensi, irabu za maneno jirani huyeyukiana, cómo está usted ikatoka kama neno moja refu, na hapo anayejifunza kwa kitabu hupotea. Karibea na Andalusia hupunguza zaidi: s ya mwisho wa silabi hubaki pumzi tu, los amigos ikawa loh amigoh. Mexico hufanya kinyume, s hubaki kali na irabu isiyo na mkazo ndiyo hunyauka, jambo ambalo Waiteso, wanaonong'ona irabu za mwisho wa maneno yao, hulisikia bila kushtuka.

Kiimbo kinabeba swali. Sentensi ya kauli na ya swali zinaweza kuwa na maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, tofauti ikiwa sauti inayopanda mwishoni. Kwa kuwa msomaji wa sentensi ndefu angegundua amechelewa, Akademia ya Kihispania mwaka 1754 ilipitisha alama ya kuuliza iliyopinduliwa miguu juu, ikae mwanzoni. Waswahili kazi hiyo waliipa je.