Rangi Iliponasa Karatasi

Nyumba yetu ya Kinondoni ina meza moja tu ya maana, na kila kitu hukutana hapo: ugali, madaftari ya mwanangu Neema, ushuhuda ninaoukusanya kuhusu ndoa za utotoni, na picha zangu. Nachora kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, kama alivyoanza Edward Saidi Tingatinga hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1968. Rangi hiyo inang'aa, ila huchelewa kukauka.

Jumamosi ile umeme ulikatika, feni ikazimika, mama mkwe akafungua madirisha. Upepo ukazoa karatasi za mahojiano na kuzibwaga juu ya korongo wawili niliowachora, wangali wabichi. Zikanasa.

Wifi alifurahi kweli. "Mama Neema, iache hivyo hivyo! Ipeleke maonyesho."

Kwa macho tu, alikuwa sahihi: mwandiko wa bluu ulipendeza katikati ya mbawa. Lakini wasichana niliowahoji walikubali kuzungumza kwa ajili ya utafiti, si kwa ajili ya ukuta wa mtu. Majina nayaondoa, kila mmoja nampa namba, na orodha ya kuunganisha namba na majina imo kabatini, chini ya kufuli. Hata hivyo kijiji chao ni kidogo. Ukitaja kisima, ng'ombe wa mahari na darasa alilokatishia masomo, jirani anajua ni binti wa nani. Mimi nachora ili kesho nipate nguvu ya kusikiliza tena. Faraja yangu haiwezi kulipiwa na wao.

Mama mkwe akaleta mafuta ya taa na kisu butu. Nikamwomba asisome. Akavua miwani, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaanza kubandua kwa kupapasa, pembeni kwanza, taratibu. Nikamsimulia jinsi Sheria ya Ndoa ya 1971, vifungu vya 13 na 17, ilivyoruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa idhini ya mahakama; na jinsi mwanaharakati Rebeca Gyumi alivyoipinga katika Mahakama Kuu akashinda 2016, Mahakama ya Rufani ikaafiki 2019.

"Ridhaa ya mzazi," akarudia. "Na ya mtoto je?"

Korongo mmoja alipoteza bawa. Karatasi nilizinakili upya, zilizochanika nikazichoma kwenye jiko la mkaa. Jioni mama akamwita fundi seremala wa mtaani aje kupima meza ya pili.