Ulikuwa Wapi Tangu 2020?

Arusha nzima inajua kilichotokea 2020. Wauza vinyago wa Mnara wa Saa wanajua, madobi wa shuka za hoteli wanajua, na benki zilizokopesha watu magari ya safari zinajua kuliko wote. Watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi laki sita na ushee. Asiyejua ni mtu mmoja tu, yule anayesaili waombaji wa kazi za utalii.

Wageni sasa wamerudi. Mwaka 2024 waliingia zaidi ya milioni mbili, wengine kwa kushawishiwa na ile filamu ya Rais Samia, The Royal Tour, wengine kwa sababu nyumbu wa Serengeti hawajawahi kuahirisha safari. Nikasema basi, na mimi nirudi. Nimeendesha wageni tangu enzi za kamera za filamu, mgeni ana picha 36 tu na anamfikiria tembo mara mbili kabla ya kubonyeza. Nilidhani nitapewa ufunguo wa gari na chai ya maziwa.

Kumbe kunatakiwa wasifu. Mpwa wangu mwenye kompyuta akajitolea kuniandikia, akafika katikati akanyamaza.

“Mjomba, hapa pana pengo.”

“Pengo gani? Nilikuwa nafuga kuku.”

Akanitazama kwa huruma, kama niliyemwambia nilikuwa Kisongo, na simaanishi uwanja wa ndege, namaanisha gereza. Akaandika kwamba kuanzia 2020 nilikuwa Mkurugenzi Mwanzilishi wa mradi wa mnyororo wa thamani wa mayai. Mke wangu alipoisoma ile karatasi aliuliza kama mkurugenzi ameshaokota mayai ya leo. Shemeji yangu akashauri niseme nilienda kusoma. Kusoma nini? “Chochote, shemeji, mradi iwe nje ya nchi.” Jirani akaona ugonjwa ndiyo salama, maana hakuna atakayeomba kuuona. Kila mtu mtaani alikuwa na uongo wake tayari wa kuniazima, tena bila riba, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba ukweli unaweza kufaa.

Na ukweli wenyewe ulikuwa kazi ngumu kuliko hiyo ninayoiomba. Kule porini mgeni akilala nawe unalala. Kifaranga halali. Umeme ukikatika usiku wanarundikana kona moja, wa chini wanakufa kwa kukosa hewa, na wewe unatoka na jiko la mkaa huku unaomba moshi usiwamalize waliobaki. Nilijifunza kuwasikiliza gizani: wakilia wote kwa pamoja wana baridi, wakinong'onanong'ona mambo ni shwari. Wageni kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro alfajiri nao ni hivyo hivyo, ila wao ukiwapa kahawa wananyamaza. Ukimaliza baridi inakuja mdondo, ukimaliza mdondo inapanda bei ya pumba, na kuku wa mayai akishtushwa na mbwa wa jirani anagoma kutaga bila hata kutoa notisi. Aliyepita huko unamuuliza kama anaweza kuvumilia presha ya kazi?

Waliniuliza.

Siku ya usaili walikuwa watatu mezani. Kiongozi wao, kijana ambaye naamini 2020 alikuwa anasubiri matokeo ya kidato cha nne, alinipa shikamoo safi kabisa, nikaitikia marahaba, kisha akanigeuka kama askari wa upelelezi. “Mzee wangu, naona hapa katikati hukuwa kwenye sekta. Ulikuwa wapi?”

Sasa, kampuni hiyo iliyonisaili ndiyo ileile iliyoniondoa. Madereva tulipata ujumbe wa simu kwamba tupumzike wiki mbili, tutaitwa. Ukiniuliza mimi, sina pengo lolote. Niko kwenye zile wiki mbili.

Nikawaeleza. Wakaandika. Yule wa kushoto akasema wasiwasi wao ni kwamba sekta imebadilika sana, siku hizi wageni wanataka intaneti ndani ya gari na dereva anayejua kupiga video fupi. Sikatai, nitajifunza. Lakini simba bado analala karibu saa ishirini kwa siku, tena palepale nilipomwacha, na hakuna anayemuuliza juu ya pengo lake. Yule wa kulia hakusema neno mpaka mwisho, akanyoosha mkono akauliza trei nauza shilingi ngapi.

Nilivyoona wanafunga mafaili nikajua mambo si mabaya. Limebaki jambo dogo tu, akasema kijana: nilete barua kutoka kwa mwajiri wangu wa mwisho inayoeleza kwa nini niliacha kazi.

“Mwajiri wangu wa mwisho ni nyie.”

“Sawa, mzee wangu, lakini tunaihitaji kwa maandishi.”

Nikaelekezwa chumba cha pili, korido hiyohiyo, nikaandike maombi ya kuandikiwa barua. Mwenye kusaini yuko porini na wageni. Dada wa mapokezi akanishauri nipumzike nyumbani, wataniita.