Njaa, Hasira na Kiingereza cha Kisangani

Kisangani mtu anaweza kutangaza njaa yake kwa Kiingereza, na mgeni aliye mbele yake akaanza kumwomba radhi. Kosa ni la herufi moja. Kifaransa, lugha ya darasani, huiandika h kisha huinyamazia, na Kiswahili chetu cha mitaani nacho kimeimeza zamani: tunasema apa, apana, uyu, wala hakuna aliyelalamika. Basi anayekusudia hungry hutoa angry. Akisahihishwa huingiwa na hofu, akaanza kuipachika h kila penye irabu, na siku anayokasirika kweli anasukumiwa sahani ya pondu. Wachekaji husema ulimi wa mtu wa Boyoma, yaani wa hapa Kisangani, ni mzito. Mimi naona ulimi hauna kesi. Mwenye kesi ni ufundishaji unaotumia miezi kuusugua ulimi huo, kisha muda ukaisha kabla mwanafunzi hajasema jambo lolote la maana kwa lugha aliyofundishwa kuitamka.

Matamshi yana kazi yake, hilo silikatai. Kiswahili kina i moja tu, Kiingereza kina mbili zinazokaribiana, na katika mji wa bandari ya mto jambo hilo lina gharama. Anayesema sheep imefika kutoka Kinshasa, akikusudia ship, amemsafirisha kondoo kilomita zipatazo 1,700 dhidi ya mkondo wa maji. (Kwa bahati nzuri, balenieri zetu hupakia watu, mizigo na mifugo pamoja, hivyo huenda sentensi ikawa kweli kwa vyovyote vile.) Lakini sauti za namna hii, zinazogeuza maana, si nyingi, na baadhi yake hazihitaji kufuatwa London. Dh ya dhahabu na th ya thamani, ambazo huku tumezifanya zahabu na samani, ndizo zilezile ambazo mwanafunzi huzitolea ulimi nje mbele ya darasa kama mgonjwa anayekaguliwa koo. Mtu wa Unguja anazo bure, na h juu yake. Mwalimu wa Kiingereza angeazima redio inayotangaza Kiswahili sanifu, akafundisha sauti hizo chache, akaendelea na kazi. Yanayobaki baada ya hapo ni vituko vya tahajia, na hivyo havina mwisho. Debt ina b isiyotamkwa kwa sababu wasomi wa zamani walitaka neno lionyeshe ukoo wake wa Kilatini. Colonel hutamkwa kana kwamba ana r aliyoificha mfukoni. William Caxton aliingiza mashine ya kuchapa Uingereza mnamo 1476, maandishi yakaanza kuganda huku irabu zikiendelea kuhama vinywani, na mpaka leo Waingereza wenyewe hukariri tu. Aliyetunga shairi mashuhuri la kuidhihaki fujo hiyo, The Chaos, lililochapishwa 1920, ni mwalimu Mholanzi, Gerard Nolst Trenité. Ikiwa hata kuilalamikia tahajia ya Kiingereza kulihitaji mgeni, sioni kwa nini mtoto wa mtaa wetu wa Mangobo atolewe jasho na Wednesday.

Ushahidi wangu mzito zaidi uko hapahapa mtoni. Watazame waliouingiza mji huu katika maandishi ya Kiingereza. Henry Morton Stanley, aliyepita kwenye maporomoko yetu mwaka 1877 na kurudi 1883 kuanzisha kituo, alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands. Joseph Conrad alikuwa Mpolandi. Alifika Uingereza mwaka 1878 akiwa na miaka 20, Kiingereza chake kikiwa cha kuokoteza, baada ya Kipolandi na Kifaransa. Septemba 1890 alitia nanga Stanley Falls, yaani hapahapa, ndani ya meli iitwayo Roi des Belges, na kutokana na safari hiyo akaandika Heart of Darkness, iliyotoka 1899. Lafudhi yake ilibaki nzito hadi alipofariki 1924, na waliozoea kumsoma walishangaa walipomsikia. Kisha akaja V. S. Naipaul, mzaliwa wa Trinidad mwenye asili ya Kihindi, na A Bend in the River ya mwaka 1979. Mwingereza hasa hayumo. Tena Conrad hautaji mto Kongo kwa jina, na Naipaul hautaji mji, kwa hiyo Kisangani imepata umaarufu katika fasihi ya Kiingereza kwa kutotajwa. Hata sinema ya The African Queen ya mwaka 1951, iliyopigwa kwa sehemu upande wa Ubundu, ilitufanya tuigize Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Atakayenipinga atasema Conrad alikuwa na kipaji ambacho hakigawiwi darasani. Sawa, lakini sidai kipaji, nadai utaratibu: aliandika alichokiona bila kusubiri mdomo wake uhitimu. Mwingine atanikumbusha Exetat, kwamba mtihani wa Serikali haumwombi mtoto atunge hadithi. Kweli, ila mtihani wa kuchagua jibu haumsikii akitamka pia; basi hoja hiyo inaizika th pamoja na insha ninayotaka mtoto aiandike. Wapo pia wanaosema kwamba tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tutachekwa Arusha. Tutachekwa na nani? Mganda, Mkenya na Mtanzania kila mmoja ana Kiingereza chake, na wakishindwa kuelewana wanarudi kwenye Kiswahili, ambako sisi ndio tutachekwa kwa haki. Pingamizi ninaloliheshimu ni la Chinua Achebe, aliyesema hadharani Marekani mwaka 1975 kwamba kitabu cha Conrad kinamdhalilisha Mwafrika. Je, tuwape watoto wa jimbo letu la Tshopo kitabu kinachowatukana babu zao? Naona wapewe, na Achebe ubavuni, kisha waambiwe wajibu. Yeye mwenyewe alijibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyeuliza lafudhi yake ilitoka wapi.

Mambo ya kujibia hayakosekani. Kitabu kinachomfundisha mtoto theluji na chai ya saa kumi kinampa msamiati wa vitu ambavyo hatabishana navyo kamwe. Mpe wavuvi Wagenia, namna wanavyokaza nguzo kwenye miamba ya maporomoko na kutundika mitego yao ya umbo la pia katikati ya maji yanayokimbia. Atahitaji vitenzi ambavyo hakuna orodha ya kukariri inayompa. Mpe mapatano ya bei na mwenye toleka, teksi yetu ya baiskeli, mvua ikianza. Ataandika I have 20 years, kwa sababu Kifaransa kinampa mtu miaka mkononi. Atashtuka kusoma kwamba juisi kutoka Uganda haina preservatives, akijiuliza, kwa Kifaransa kilichomo kichwani, kwa nini ingekuwa na kondomu. Hayo yote mwalimu atayasahihisha, mradi kwanza awe ameuliza ile toleka iliyotajwa katika aya ya pili ya insha ya mtoto, isiyo na breki, ilisimamaje.