Mbukwa, Jasho!

Mbukwa, ewe jasho! Wengine wanakupokea kwa leso, wakufute usoni kabla hujaketi. Mimi nakusalimu kwa Kigogo na kwa heshima zote, maana hapa Msalato, Dodoma, simjui mtumishi mwingine anayefanya kazi kama yako bila mshahara, posho wala likizo.

Watu wa Dar es Salaam hawajakufaidi. Kule hewa imeshiba unyevu. Unatoka na nia njema lakini huna pa kwenda, unabaki umemganda mwenye shati mpaka anashuka daladala. Huku uwanda wa kati, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, upepo mkavu wa Oktoba unakumaliza kabla hujafika kwenye nyusi. Unafanya kazi, unaondoka, unaacha mstari mweupe wa chumvi mgongoni, stakabadhi kwa anayetaka ushahidi. Na kazi yenyewe si ndogo. Lita yako moja ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la kutosha kuchemsha lita saba za maji. Kwa bei hii ya mkaa, nani mwingine angetufanyia hivyo bure?

Balaa lako ni kwamba unahukumiwa kwa nguo uliyokutwa nayo. Jumamosi alfajiri wanapita watu wa jogingi, jezi zimelowa chapachapa, nao wanakuonyesha kama vile wamekununua. Wanapiga picha wakiwa nawe kifuani. "Hongera mkuu, leo umetoka jasho!" Hata serikali imewahi kukutengea siku: Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma, aliposhinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, hakuna aliyemuuliza habari za kwapa.

Saa sita mchana, siku hiyohiyo, mnada wa Msalato umechangamka. Kijana anamkokota mbuzi asiyetaka kuuzwa. Mchoma nyama amesimama kwenye moshi tangu asubuhi, na wewe unamtiririka shingoni kuliko ulivyomtiririka mkimbiaji yeyote. Hongera hakuna. Mteja anasogeza sahani kando, asije akadondokewa. Na mkuu wa alfajiri? Ameshaoga, amevaa shati la kupigwa pasi, mikono ameibana mbavuni ili doa la kwapani lisionekane. Anatafuna mbavu za mbuzi kwa shida, maana kufikia pilipili kunahitaji kunyoosha mkono. Alfajiri alikuwa akikudai zaidi. Sasa wewe ni siri ya familia.

Wanasema unanuka. Uongo! Unatoka bila harufu. Bakteria wa kwapani ndio wanaopika mchuzi huo. Wala usidhani jezi inakusitiri. Nyingi ni za poliesta, uzi uliobuniwa na wanakemia wa Uingereza mwaka 1941, haunywi maji ila unashika harufu ukakataa kuiachia hata baada ya sabuni. Shati la pamba, lile linaloonewa aibu, ndilo linalokunywa na kukusamehe ukilifua. Kwa hiyo anayetuzwa ndiye anayenuka zaidi, na anayejificha ndiye aliye salama. Nimeyaona mengi ya kuchekesha Dodoma tangu wakubwa wa serikali wahamie huku, lakini hili linaongoza.

Basi nawe, mkuu wa alfajiri, nina ombi moja kwako. Jumamosi ijayo ukitoka mbioni usiende kuoga kwanza. Pita mnadani na jezi yako hiyohiyo, mpe mchoma nyama hongera kama ulizopewa wewe, kisha mlipe bei aliyotaja bila kuomba punguzo.