Afandi, Bastola Haitoki

Sudan Kusini inakadiriwa kuwa na ng'ombe zaidi ya milioni 11, karibu mmoja kwa kila mwananchi. Lakini anayetafuta mkanda wa ngozi halisi katika soko la Konyo Konyo, Juba, anaweza kuzunguka tangu asubuhi akaambulia plastiki iliyopigwa chapa ya vinyweleo. Ng'ombe wa Wamundari wa Terekeka, wenye pembe ndefu na majivu mgongoni, ni wa mahari. Hawachinjwi kwa ajili ya mikanda. Na huyo mmoja anayefika machinjioni, ngozi yake ina alama za kupe, makovu ya miiba na matundu ya kisu cha mchunaji mwenye haraka.

Katika mazingira hayo aliishi kwa amani fundi viatu mmoja, mtu wa Arua, Uganda, aliyevuka mpaka kufuata wateja baada ya uhuru wa 2011 na kujipatia kibanda, mwavuli na jirani muuza chai. Alikuwa ameridhika na soli zake mpaka afandi mmoja alipomwekea mezani bastola aina ya Makarov na kumtaka aishonee mkoba wa kuvaa kiunoni. Fundi aliitazama akapiga hesabu: kiatu ni mfuko wa mguu, huu ni mfuko wa chuma. Kazi ya nusu siku.

“Afandi, hii haina kitu ndani?”

“Haina. Mimi si mtoto.”

Fundi akaomba magazini ichomolewe hata hivyo. Ikatoka na risasi nane. Akauliza, na chemba je? Afandi akavuta kwa hasira. Ya tisa ikaruka na kutumbukia katika karai ambamo fundi huloweka soli. Ilibidi ivuliwe kwa mkono, afandi akiwa amekunja shati hadi kwenye kiwiko na fundi akitoa maelekezo kutoka ng'ambo ya barabara.

Mkoba wa kwanza ulishonwa kwa mabaki ya ngozi ya sofa kutoka Kampala, laini na ya kupendeza. Hilo ndilo kosa la kwanza la kila fundi viatu anayegusa kazi hii. Ngozi nyingi duniani leo hudabaghiwa kwa chumvi za kromu, njia ambayo Augustus Schultz wa New York aliichukulia hataza mwaka 1884. Ni njia ya haraka, na ngozi yake huwa nyororo na haiogopi maji. Ukiikata, ukingo wake unaonyesha ubuluu wa kijivu katikati. Ukichoma kipande kidogo, jivu lake lina ukijani. Kwa pochi ya bibi harusi ni neema. Kwa bastola ni balaa, kwa sababu haishiki umbo: unaifinya, unaikandamiza, nayo inarudi ilivyokuwa. Mkoba ule ukawa soksi. Afandi akichomoa bastola mdomo unajifunga, na kuirudisha kukahitaji mikono miwili pamoja na ushauri wa majirani.

Hapo utani unapungua kidogo. Mdomo wa ngozi iliyolegea ukijikunja kwa ndani unaweza kuingia kwenye kifyatulio na kukibonyeza wakati mwenyewe anaisukuma bastola chini, ikielekea kwenye nyonga yake. Na anayedhani dawa ni kuachana na mkoba kabisa amuulize Plaxico Burress. Huyu alikuwa mchezaji wa timu ya futiboli ya Kimarekani, New York Giants, aliyedaka pasi ya ushindi katika fainali ya Super Bowl, Februari 2008. Mwezi Novemba mwaka huohuo aliingia klabu ya usiku Manhattan akiwa ameichomeka Glock kiunoni mwa suruali. Silaha ikateleza, akaidaka kwa mazoea ya kazi yake, ikamlipukia pajani. Alikaa gerezani karibu miezi 20.

Afandi alirudi katikati ya msimu wa mvua, bila salamu. Kila mahali ngozi ilipogusa chuma palikuwa na madoa ya kutu. Fundi akasingizia unyevu wa mto, na Nile Nyeupe haikuwa na wakili pale kibandani wa kuitetea. Ukweli ni kwamba mto ulikuwa na hisa ndogo tu katika kesi hiyo. Ngozi hunyonya jasho na hewa ya mvua, ikavikalisha pamoja na chumvi zake juu ya chuma usiku kucha.

Ngozi inayofaa ni ile iliyodabaghiwa kwa mimea. Katika Sudan makaka ya mgunga yametumika kwa kazi hiyo tangu zamani, na kule Njombe, Tanzania, Kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa mwaka 1949, hukamua dawa ya ngozi kutoka magome ya miwati. Kipande chema kina unene wa milimita 3 na ushee, rangi yake ni kahawia hafifu, na ukikigonga kwa kidole kinajibu. Fundi alikipata kwa dereva wa lori wa barabara ya Nimule, kwa bei iliyomfanya akate huku amebana pumzi.

Alikata vizuri sana. Tatizo ni kwamba alikata kinyume: kielelezo cha karatasi alikilaza juu ya upande wa nyama badala ya upande wa nywele, mkoba ukatoka wa mtu wa mkono wa kushoto. Akajaribu kumshawishi mteja kwamba maofisa wakubwa huvaa upande huo. Yupo ofisa mmoja ambaye mkono wake wa kushoto umeingia katika historia ya mikanda, Samuel Browne wa jeshi la Uingereza, lakini yeye aliupoteza vitani India mwaka 1858, ikambidi abuni mkanda wenye ugwe wa begani ili upanga wake usiyumbe. Ugwe huo ukaenea katika majeshi ya himaya nzima, na maofisa wengi wa Afrika Mashariki wanauvaa hadi leo kwenye gwaride. Browne alikuwa na sababu. Afandi alikuwa na mikono yake yote miwili, na ule wa kulia aliutumia kumwonyesha fundi kipande cha ngozi kilichobaki.

Kilitosha mkoba mmoja tu.

Safari hii kazi ilifanywa kwa adabu. Matundu yalitobolewa kwa msharasi, yote kwa nafasi moja, kisha uzi uliopakwa nta ukapitishwa na sindano mbili, moja kutoka kila upande, zikipishana katika tundu lilelile. Mshono wa namna hiyo ukikatika mahali pamoja, ule wa jirani haufumuki. Mshono wa cherehani hauna uungwana huo. Baada ya hapo mkoba ulizamishwa katika maji ya vuguvugu mpaka mapovu yakaisha, ukatolewa, ukaachwa upumue. Bastola ikafungwa nailoni nyembamba na kuingizwa ndani, na fundi akaanza kukandamiza kwa mpini wa kijiko. Huu ndio wakati mtamu wa kazi yote: silaha inaanza kujitokeza kupitia ngozi, kwanza ukingo wa mtutu, kisha duara linalolinda kifyatulio, mpaka mtu aliyefumba macho anaweza kuisoma kwa kidole.

Kilichobaki ni kukausha kivulini, polepole, siku moja au zaidi. Lakini afandi alikuwa na safari ya jioni.

Ilikuwa Machi 2024, mwezi ambao serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45. (Februari 2025 zikafungwa tena, baada ya wanafunzi wa Juba kuzimia madarasani.) Fundi aliinua macho, akaona bati la kibanda chake linameremeta, akaona Mungu amemletea tanuri la bure. Akaupandisha mkoba juu, bastola ikiwa ndani.

Ngozi iliyolowa ikikutana na joto kali hujikaza, na ikishajikaza hairudi. Jioni mkoba ulishuka mgumu na mdogo, umeikumbatia Makarov kwa mapenzi ya kweli. Afandi alishika mpini, fundi akashika mkoba, wakavutana. Dereva wa raksha aliyekuwa akingoja kandambili zake akamshika fundi kiunoni, akavuta naye.

“Afandi, bastola haitoki.”

“Itatoka! Vuta!”

Ieleweke kwamba Juba ni mji ambao watu wazima wanayakumbuka mapigano ya Desemba 2013 na wanayakumbuka ya Julai 2016. Mwanamume aliyevalia sare, ametoa macho, anavuta bastola kwa nguvu zake zote sokoni, hangojwi ajieleze. Wateja wa chai walitoweka pamoja na viti vyao. Muuza chai mwenyewe alilala nyuma ya jiko na kuanza kumwita fundi kwa majina ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Bastola ilitoka hatimaye, kwa kisu, pamoja na vipande vya nailoni. Haikuwa na risasi. Fundi alikuwa amejifunza angalau hilo.

Tangu siku hiyo hafinyangi mkoba juu ya silaha ya mtu. Alichonga mfano wa Makarov kwa mti wa msaji, mti ambao wakoloni waliupanda kwa wingi katika eneo la Ikweta la Sudan Kusini, na akaupiga msasa mpaka ukafanana na bastola yenyewe kuliko ilivyohitajika. Mfano huo aliwahi kuusahau kiunoni alipokuwa akirudi nyumbani Gudele. Kwenye kizuizi cha usiku aliambiwa anyanyue mikono. Askari akauchomoa, akaugonga kwa kucha, ukalia mti. Kicheko kilikuwa kirefu, lakini soda za kikosi kizima zililipiwa na fundi.

Umaarufu ulileta wateja wengine, na wateja wakaja na mawazo yao. Juba ina mapenzi ya zamani na mambo ya Texas: Rais Salva Kiir ni nadra kuonekana hadharani bila kofia pana nyeusi, na ya kwanza alizawadiwa na George W. Bush mwaka 2006. Kijana mmoja mfanyabiashara, mwenye leseni ya silaha na pesa ya kuchezea, alitaka mkoba wa kuning'inia pajani, wenye kamba ya kufungia gotini na safu ya vishikio vya risasi kwenye mkanda, kama alivyoona kwa Clint Eastwood. Hakuna aliyemwambia kwamba mikoba ile ya pajani ni mapambo ya Hollywood. Wachunga ng'ombe wenyewe waliivaa juu, isiwasumbue farasini. Vishikio navyo ni vya risasi za rivolva, ambazo kitako chake kina ukingo wa kuzuia. Risasi ya Makarov haina ukingo huo. Kijana alipanda bodaboda, ikaruka tuta la kwanza, na risasi zikaanza kumtoka kiunoni moja moja barabarani, watoto wakimkimbilia nyuma kumrudishia.

Rangi nyeusi ilikuwa na kisa chake. Fundi haagizi rangi ya dukani; hutumbukiza misumari yenye kutu katika siki, huiacha kwa majuma kadhaa, na maji hayo yakipita juu ya ngozi ya mimea huigeuza nyeusi hadi ndani. Si uchawi. Madini ya chuma yanapokutana na tanini hutoa weusi, na kwa kanuni hiyohiyo Wazungu walitengeneza wino wa kuandikia kwa karne nyingi. Sasa, chai ya rangi nayo ina tanini. Siku fundi alipoichovya brashi kimakosa katika glasi ya mteja badala ya kopo la maji, chai iligeuka wino mbele ya macho ya mwenyewe, na muuza chai, ambaye bado hakuwa amesahau lile tukio la Machi, alihamisha jiko lake hatua kadhaa kuelekea kanisani. Rangi hiyo inataka kuoshwa kwa maji yenye magadi kidogo, la sivyo itahamia kwenye shati jeupe. Mashati mawili ya afandi ni ushahidi.

Umaliziaji ndio unaotenganisha fundi na mbabaishaji, na wateja wengi hawautazami. Kingo hupigwa msasa, hulowanishwa, kisha husuguliwa kwa kitambaa kigumu cha turubai mpaka zinang'aa na tabaka mbili za ngozi zinaonekana moja. Mafuta yapakwe kidogo tu, maana ngozi iliyoshiba mafuta hulegea na kusahau umbo. Nta vilevile: ikizidi, na mkoba ukiachwa juu ya dashibodi adhuhuri ya Juba, inayeyuka na kuhamia kwenye suruali ya kwanza itakayoukaribia.

Leo fundi anashona mikoba mizuri. Mtu akiigeuza juu chini, silaha haidondoki. Akiivuta, inatoka bila msaada wa raksha. Bei yake si ya kiatu, na hapunguzi. Wewe unayetaka kumpelekea kazi, nenda na leseni yako pamoja na mkanda utakaouvaa, maana atapima upana wake, na usimwambie una safari ya jioni. Ukishauchukua, usiihifadhi bastola ndani yake nyumbani. Mkoba ni wa kuvaa. Silaha ipanguse, ipake mafuta, uifungie kwenye sanduku la chuma lenye kufuli.