Kupinda Kanga

Kanga huuzwa kwa doti: vipande viwili vilivyoungana, kila kimoja na pindo, mji na jina lake, yaani msemo ulioandikwa. Doti hukatwa katikati, kisha ncha fupi za kila kipande hupindwa zisifumuke nyuzi. Fundi wa cherehani hukunja mara mbili, upana wa punje ya mchele, akashona mstari mmoja na kumaliza kabla chai haijapoa. Hata hivyo, kazi ndogo hiyo huweza kungoja mwaka mzima, kanga ikiwa sandukuni. Lakini jina likiwa la kumchoma jirani, subira huisha: asubuhi kanga dukani, adhuhuri imeshapita uchochoroni, nyuzi zikining'inia. Jirani husoma jina lote, hutabasamu, kisha huuliza kwa upole fundi wa mtaa amesafiri lini.