Namna ya Kugombania Mpaka Bila Kuuza Shamba Lenyewe

Ikiwa ni lazima ugombane na jirani kwa ajili ya mpaka, basi gombana vizuri. Murang'a, Kisii na Vihiga, ambako shamba la babu limekwisha kugawanywa kwa wana na wajukuu, watu huuza ng'ombe, kisha mti wa mbao, kisha kipande cha shamba, wapate kuendesha kesi ya futi tatu. Hasara hiyo inaepukika, na mwongozo huu ni wa kukuepusha nayo.

Anza kwa kuweka panga chini. Ua ule wa michongoma uliokuudhi, unaotaka kuukata kabla jua halijachomoza, ndio ushahidi wako mkubwa. Mashamba mengi ya Kenya yaliyosajiliwa kufuatia Mpango wa Swynnerton wa 1954 hayakupimwa pembe kwa pembe. Wenye mashamba walipanda ua mpakani, ndege ikapita juu ikipiga picha, na ramani ya usajili ikachorwa kutokana na picha hizo. Ramani ilikuja baada ya ua. Sasa fikiria ramani yenye kipimo cha 1:2,500: milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za udongo. Futi tatu mnazotupiana matusi kwazo hazijai hata unene wa kalamu iliyochovya wino mwingi!

Ndiyo maana Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema wazi kwamba ramani hiyo huonyesha mipaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale ambapo mipaka imethibitishwa rasmi. Hata ukubwa ulioandikwa kwenye hatimiliki ni wa takriban. Kwa hiyo usinunue tepu, ukapima shamba lako peke yako, ukaliona limepungua kidogo, halafu ukaenda kumwamsha jirani kwa mayowe. Fanya sachi kwanza kwenye masjala ya ardhi. Nunua nakala ya ramani. Uliza kama mpaka wenu ni wa jumla, yaani wa makadirio, au ni uliothibitishwa, maana jibu la swali hilo hubadilisha kila kitu kinachofuata.

Pili, usikimbilie mahakamani. Kifungu hicho hicho kinaikataza mahakama kusikiliza mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka haujaamuliwa kwa utaratibu wake, yaani na Msajili wa Ardhi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi imetupa kesi za namna hii mara kwa mara, nyingine baada ya miaka ya kuahirishwa. Wakili anayekufungulia kesi ya mpaka bila kukuuliza kama umemwona Msajili anakupotezea pesa, na una haki ya kumwambia hivyo usoni.

Mwandikie Msajili ombi, lipa ada, dai risiti. Yeye atawaarifu majirani wote wanaopakana nanyi, apange siku ya kufika shambani pamoja na mpima wa serikali, na asikilize kila upande. Sheria inamruhusu kupokea ushahidi wowote unaohitajika kuujua mpaka. Basi siku hiyo usijaze uwanja vijana wenye rungu; leta mzee mmoja aliyeona ua ukipandwa. Ushahidi wake utaandikwa. Kelele za vijana wako haziandikwi, na zikizidi, polisi watakuwapo.

Hapa sasa ndipo watu hukosea zaidi: kumpa sevea, yaani huyo mpima, madaraka ambayo hana na kumnyima yale aliyo nayo. Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, inamruhusu mpima wa serikali kuingia shambani kufanya kazi yake. Kwa hiyo mfunge mbwa, fungua lango, na usisimame mbele ya chombo chake ukidai kwamba ardhi ni ya marehemu baba yako. Yeye hakuja kubisha hilo. Amekuja kutafuta mstari: anasaka mawe ya zamani, anapima, analinganisha ua na ramani, anaandika ripoti. Hawezi kukupa shamba, hawezi kufuta hatimiliki ya jirani, hawezi kuvunja choo kilichovuka mpaka. Akiahidi lolote kati ya hayo kwa sababu umempa bahasha, mmeshaharibu kazi nyote wawili, na jirani yako akijua atakuwa na sababu nzuri ya kuipinga ripoti nzima.

Mpima binafsi mwenye leseni anaweza kukusaidia kuelewa ulichonacho, na ripoti yake inaweza kusikilizwa. Lakini bikoni, yaani alama ya mpaka, aliyoipanda Jumamosi, jirani akiwa kanisani, haimfungi jirani huyo.

Wewe unayehamisha jiwe la mpaka usiku, hatua moja kila msimu wa kulima, soma kifungu cha 21 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi: kuharibu au kuondoa alama ya mpaka bila idhini ni kosa la jinai. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 2, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Hakuna mstari wa mahindi wenye thamani hiyo.

Mkichoka kabisa na maneno, ombeni Msajili athibitishe mpaka kwa kifungu cha 19 cha sheria hiyo hiyo. Mstari utapimwa kwa usahihi, mchoro uwekwe kwenye masjala, na jambo hilo liandikwe katika rejista. Huo ndio urithi mzuri wa kuwaachia watoto wa pande zote mbili. Asiyeridhika na uamuzi wa Msajili sasa anaweza kwenda mahakamani, na mlango utakuwa wazi. Ila kama ugomvi wenu ni hatimiliki mbili kwa shamba moja, au urithi, au mauzo yaliyokanushwa, hilo si suala la mpaka hata kidogo. Peleka mahakamani tangu mwanzo na umwache sevea apumzike.

Mwandikie Msajili wiki hii, wakati yule mzee aliyeona ua ukipandwa bado ana nguvu ya kutembea hadi mpakani.